Sahani ya Nadhiri

Amarila, Kisiwa cha Saparua
14 Januari 1974

Mdogo wangu Melkias,

Amani ya Kristo ikufikie huko mtoni, kama mbu wameacha nafasi ya kupita. Mimi ni mzima. Kaburi la mama na baba nimelipaka chokaa kabla ya Krismasi. Jogoo wako bado ana adabu mbovu, kampiga teke mke wa mchungaji siku ya mwaka mpya, na sikumpika kwa sababu yako tu. Mama mdogo Ludia anakusalimu na anauliza kama watu wa huko wanavaa viatu. Nimemwambia mwulize Eki mwenyewe, yeye ndiye aliyekwenda na jozi moja.

Krismasi ilikuwa tamu, Eki. Kanisa lilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Tuliimba mpaka sauti yangu ikapotea siku mbili, na jirani zetu wakamshukuru Mungu kwa hilo pia. Paa la jikoni lilikuwa linavuja, lakini Bastian Souhoka, yule seremala aliyefiwa na mkewe, alikuja na majani ya mti wa sagu akalifunika. Hakutaka kulipwa. Alikunywa kahawa, akasema paa la sebuleni nalo linahitaji kutazamwa. Mimi sikuona tatizo lolote sebuleni, ila yeye ndiye fundi.

Jumapili iliyopita mchungaji alifunga sasi ya nazi. Safari hii ni kijiji kizima, sababu tunataka mafuta ya kuuza ili tununue mbao za kanisa. Maombi yamefanywa, jani changa limefungwa kwenye nguzo, na tangu siku hiyo hata nazi ikikuangukia miguuni unairuka kama nyoka mpaka siku ya kufunguliwa. Hata ikiwa ni ya mti wako. Na mlinzi wa sasi mwaka huu ni nani? Bastian.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Juzi Jumamosi jioni nilifunua kitambaa cheupe kwenye meza ya maombi, nikaiona sarafu yako ya nadhiri imelala kwenye sahani pale pale ulipoiweka. Miaka mitatu ulimwahidi Mungu, na mmoja umekwisha. Nilifurahi hata nikacheka peke yangu mbele ya meza, Mungu anisamehe. Niambie kazi inaendaje. Wamebatizwa wangapi? Andika upesi, mashua za kwenu zina mwendo wa kobe.

Dada yako,
Yosefina


Wasirei, Papua ya Kusini
3 Machi 1974

Dada Fina,

Salamu nyingi kutoka kwa mwalimu wako mwenye jozi moja ya viatu, ambayo sasa ni mguu mmoja, wa pili umechukuliwa na mto. Barua yako imeletwa na mashua ya misheni pamoja na chumvi na dawa ya malaria. Nimeisoma mara nyingi hata najua jogoo kapiga teke mguu gani. Mwambie mama mdogo kwamba watu wa hapa wana akili, hawavai viatu kwenye matope.

Nina habari nzuri. Wiki iliyopita mtoto mmoja, Tiwai, alisoma ubaoni jina la mto wake mwenyewe. Alilisoma, akatoka mbio nje kuutazama mto, akarudi akalisoma tena. Dada, siku hiyo ningeweza kula uji wa sagu bila samaki nikaona karamu.

Pia nimewasimulia habari za sasi. Hapa nazi hazikomai, kila apitaye anaangua changa akanywa. Nikawaambia kwetu jani likifungwa kwa maombi hata mwenye mti hagusi mpaka wakati wake. Mama Sebe, mwanamke mmoja mwenye ulimi kama kisu cha samaki, alicheka mpaka akashika nguzo. "Yaani mtu anaogopa mti wake mwenyewe? Mwalimu, kwenu mna wazimu wa nazi." Na wengine wote wakacheka. Nami nilicheka, nifanyeje.

Kazi inaendelea.

Dada, kuna jambo. Binamu Ferdi ameniandikia. Kuna nafasi ya karani katika ofisi ya ardhi mjini Ambon, nao wanataka mtu mwenye mwandiko mzuri. Ningekuwa jirani yako, ningekuja kila Jumapili. Mtu anaweza kumtumikia Mungu hata ofisini, au sivyo? Ila nadhiri ile iko mezani, na wewe mkubwa ndiye mwenye sahani. Nakuomba uitoe sarafu yangu. Omba, itoe, iweke kwenye sadaka, kisha niandikie kwamba umeitoa. Bila hivyo siwezi kupanda mashua. Unajua mwenyewe yaliyompata baba mkubwa alipovunja yake, sarafu ikiwa bado mezani.

Mdogo wako,
Eki


Amarila
20 Aprili 1974

Eki wangu,

Kristo amefufuka, na dada yako pia, maana mwanzoni mwa Kwaresima nililala na homa wiki nzima. Mama mdogo alinipikia papeda, ule uji wa sagu, mzito kiasi kwamba kijiko kilisimama chenyewe. Sasa niko sawa.

Kaa chini nikusimulie. Wewe hukuwepo, na asiyekuwepo na lake halipo, lakini hili sitaki likupite. Jumatano kabla ya Pasaka, Bastian alikuja kutazama lile paa la sebuleni. Mimi nilikuwa nafagia uwanja. Mara nazi ikaanguka karibu na ufagio wangu, puu. Bastian akashuka ngazi mbio akidhani imenipiga. Akauliza, "Umeumia?" Nikasema sikuumia. Akaniangalia. Kisha, bila kujua afanye nini na mikono yake, akainama akaiokota ile nazi akanipa, kama mtu anayempa mwenzake ua.

Mlinzi wa sasi, Eki. Yeye mwenyewe. Mchana kweupe, na watoto wa shule wanapita.

Mimi niliruka nyuma. Yeye akaitazama mikononi mwake, akawa mwekundu mpaka shingoni, akaiweka chini polepole, lakini maji yalishamwagika. Jumapili alisimama kanisani mwenyewe kabla hajaitwa, akasema, "Nimevunja sasi niliyopewa kuilinda. Niliokota nazi." Mchungaji akauliza, "Ulikusudia kuinywa?" Akasema, "Hapana, nilikusudia kumpa mtu." Kanisa zima likageuka kunitazama mimi. Nilitamani sakafu inimeze. Walicheka mpaka mchungaji akajifanya anakohoa. Basi Bastian kaondolewa ulinzi, kawekewa adhabu ya kupasua mbao za kanisa bila posho, na anazipasua huku anaimba. Anasema ana neno la kukwambia ukirudi. Nimemwambia aliandike, akasema si neno la kuandikwa.

Nazi zinaanguka kila siku. Zimelala chini ya miti zinachipua. Nyumba nyingi hazina mafuta, tunakula samaki wa kuchoma tu, na hakuna aliyeokota hata moja tangu siku ile. Najisikia fahari, sijui nikuelezeje.

Furaha iliyoje kwa huyo Tiwai. Mpe salamu zangu, na umwandikie jina langu ubaoni.

Dada yako,
Fina


Wasirei
11 Juni 1974

Dada Yosefina,

Nashukuru umepona. Hapa mvua, na mimi homa huja na kwenda.

Umeniandikia kurasa nne. Nimehesabu Bastian, nazi na paa, nikachoka. Neno moja nililokuuliza hukulijibu. Nilikimbia mpaka gatini nikaifungua barua nimesimama kwenye mvua, wino ukaanza kutiririka, nami natafuta sarafu, sarafu, sarafu. Hakuna. Umenikasirikia? Basi niambie umenikasirikia, nijue.

Umeniuliza wamebatizwa wangapi, nikaandika kazi inaendelea. Haiendelei. Haijaanza. Shule watoto wanakuja kwa sababu napiga gitaa. Ibadani Jumapili tuko mimi, mbwa wangu, na Tiwai akiwa hajaenda kuvua. Ninahubiri kwa sauti kubwa ili nisisikie ukumbi ulivyo mtupu. Juzi Mama Sebe alipita na kikapu chake akachungulia dirishani: "Mwalimu, unagombana na nani humo ndani?" Nilifunga Biblia nikatoka nyuma.

Nilipoondoka Amarila mlipiga kengele. Mchungaji aliniwekea mkono, kina mama wakalia, nami nikajiona mkubwa. Nilidhani imani ni kitu unachokibeba kwenye sanduku, unafika nacho unawagawia watu. Nimefungua sanduku, Dada, halina kitu. Huyo ndiye mmishonari wenu. Sasa unajua. Itoe ile sarafu tafadhali, kabla Ferdi hajampa mtu mwingine nafasi.

Na huyo Bastian ni nani kwako? Lisemwalo lipo.

Melkias


Amarila
2 Agosti 1974

Melkias,

Salamu ni zile zile, sote wazima.

Nimeitoa. Leo jioni. Nilivaa nguo nyeusi ya kanisani, nikafunua kitambaa, nikaomba, nikaishika. Jumapili itaingia kwenye sadaka. Uko huru.

Sikukujibu mwezi wa nne kwa sababu nilitaka sana kuitoa. Nilitaka mno, kuliko wewe, na nina sababu zangu. Mtu anayetamani jambo namna hiyo aogope mikono yake, ndiyo maana nikakujaza habari za nazi. Kisha ikaja barua yako ya mwezi wa sita. Nilipoisoma nilikasirika kwanza. Nilikaa nikuandikie kwamba usithubutu, kwamba ahadi ni deni, kwamba baba mkubwa alikufa maji. Niliandika yote hayo, na nilipoyasoma nikaona nimemfanya Mungu kuwa mdai anayekunyemelea kwa sababu ya sarafu. Huyo si Mungu aliyetulea mimi na wewe mama alipofariki. Nikaichana.

Mdogo wangu, kama unakaa huko kwa kuogopa sahani iliyo mezani kwangu, basi hujakaa. Umefungwa tu. Rudi nyumbani. Kitanda chako kina shuka safi. Sitakuuliza lolote wala hakuna atakayekucheka; akikucheka mtu atanijua.

Ukiweza kufika kabla ya Novemba, fika. Usiniulize kwa nini.

Fina


Wasirei
28 Septemba 1974

Dada Fina, Dada yangu,

Kaa chini wewe sasa. Mwite na mama mdogo. Mimi ni mzima, na mbwa ni mzima.

Barua yako ilifika Jumatatu ya wiki iliyopita. Niliposoma "nimeitoa" nilipiga kelele hata mashua ikatikisika, na nahodha akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia nimefufuka. Mashua ilikuwa igeuze kesho yake asubuhi. Nikagawa vyungu, nikampa Tiwai gitaa, nikafunga sanduku. Usiku ule nililala kama mtoto. Nakwambia ukweli ili usidhani nilikuwa na mashaka matakatifu. Sikuwa na shaka hata chembe.

Asubuhi nafungua mlango, nakuta jani. Jani changa la mnazi, limesukwa vibaya, fundo kama la kufungia nguruwe, limefungwa toka nguzo hii mpaka ile, mbele ya mlango wangu. Na chini ya ngazi amekaa Mama Sebe anatafuna tambuu.

Nikamwuliza, "Hii ni nini?"

"Wewe mwenyewe ulisema. Jani likifungwa, hata mwenye mti hagusi nazi mpaka ikomae."

"Mimi si nazi, Mama Sebe."

"Kichwa chako kinasema vingine."

Watu walishakusanyika, wakacheka. Nikamwambia nimeshapewa ruhusa, barua hii hapa, dada yangu mwenyewe ameandika.

"Dada yako ana kwake, sisi tuna kwetu," akasema. "Uliwafundisha watoto nusu ya herufi. Tiwai anasoma mto, hajui kusoma mama yake. Utaondokaje?"

Nikaona nimpe sheria, maana nilikuwa nachelewa. Nikasema, "Kwetu sasi haifungwi hivi hivi tu. Lazima iombewe."

Akatema tambuu. "Tuliomba."

"Nani aliomba?"

"Mimi."

Dada, watu wote waligeuka kumtazama. Nikauliza aliombaje, naye hajawahi kuja ibadani hata siku moja.

"Si nakusikiaga dirishani? Nilifumba macho kama wewe. Nikasema, Mungu wa Melkias, huyu mtu hajamaliza, na wewe umemwacha afunge sanduku. Mzuie. Amina." Kisha akaniangalia kwa wasiwasi, mwanamke yule asiyemwogopa hata mamba. "Nimekosea mahali?"

Ningeweza kumwambia dua la kuku halimpati mwewe. Ningeweza kuruka lile jani. Hakuna mchungaji aliyelibariki, na fundo lenyewe lilikuwa la kuchekesha. Nahodha alikuwa ananiita. Nilikuwa huru kabisa, wewe ulinifungua. Na hapo ndipo nilipojua, kwa mara ya kwanza tangu nije, kwamba nataka kukaa. Miezi yote ile nilikuwa nasikiliza sanduku tupu, kumbe mtu alikuwa dirishani.

Nikamwambia, "Hujakosea." Nikaketi kizingitini nikalia mbele yao wote, wakadhani ninaumwa tumbo.

Mashua imeondoka. Jumapili walikuja watano, mmoja kwa ajili ya biskuti. Mama Sebe alikaa mbele akanirekebisha mahubiri mara mbili. Ferdi nimemwandikia ampe nafasi mwingine. Nawe Dada, usiirudishe sarafu. Iache kwenye sadaka. Safari hii nakaa bila sarafu.

Lakini uliniandikia nifike kabla ya Novemba na nisikuulize kwa nini. Nakuuliza kwa nini.

Eki


Amarila
30 Oktoba 1974

Melkias, mdogo wangu, mwalimu wangu,

Nilisoma barua yako kwa sauti mezani. Mama mdogo alilia, nami nikalia, kisha tukaimba, na jirani wakaja kuuliza kulikoni ikabidi niisome tena. Mpaka sasa nimeisoma katika nyumba sita. Mchungaji ameniomba niisome Jumapili. Mwambie Mama Sebe kwamba Amarila nzima inamjua, na kwamba fundo lake tutalisahihisha.

Sasa jibu lako. Bastian ameniposa. Au tuseme anataka kuniposa, kwa sababu unajua desturi: watu wake hawawezi kuingia nyumba isiyo na mwanamume wa kuwajibu. Wajomba wamekwisha, baba hayupo, na ukoo wetu umebaki na mwanamume mmoja, naye ni wewe. Tulikuwa tumesema Novemba. Mimi, Eki, na umri wangu huu, na mvi zangu mbili, nampenda mtu hata nasahau chumvi kwenye samaki. Niliogopa kukwambia. Ningekwambia, ungerudi kwa ajili yangu, na nisingejua kamwe kama nimekuiba kwa Mungu.

Nilipofika pale uliposema unakaa, nilifurahi kwanza, nakuapia. Halafu nikaenda jikoni nikafunga mlango nikalia kidogo kwa ajili yangu mwenyewe. Miaka yako imebaki mirefu. Nilimwendea Bastian pale anapopasua mbao, nikamwambia, "Kaka yangu haji. Anakaa kwenye kazi ya Bwana, na mimi sitamwita. Kama unataka kutafuta mwingine, sitakulaumu."

Aliweka msumeno chini. Akauliza, "Amekaa kweli? Bila nadhiri?"

"Bila nadhiri."

"Basi huyo ndiye shemeji ninayemtaka," akasema. "Kama kaka haji kwenye posa, posa itakwenda kwa kaka."

Nilidhani anatania. Jana amerudi kutoka mjini na tiketi za meli.

Eki, tunakuja. Bastian, dada zake wawili, mjomba wake msemaji, mama mdogo Ludia na mimi. Meli inaondoka Ambon tarehe kumi na mbili, na kutoka Merauke tutapanda mashua yenu ya kobe. Huenda tukaitangulia barua hii. Nimekushonea shati jeupe. Jifanye humjui Bastian. Waache wasimame nje kwanza, uwaulize wametoka wapi na wanatafuta nini, kwa ukali, kama baba angefanya. Mjomba wake atazunguka sana kwa mafumbo, mvumilie.

Ila wakishauliza, mdogo wangu, usikawie kujibu. Mimi nitakuwa nimesimama pale nyuma yao kwenye matope, bila viatu, na nimeshangoja vya kutosha.

Dada yako,
Fina